Mtungi Uliovalishwa Kitambaa

Jamani, kuna watu huku Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, ambao hata leo nikipita njiani wanashika mdomo wasicheke, na wala siwalaumu, maana mimi mwenyewe nikijikumbuka nimekaa ndani ya beseni la unga wa mandazi, nimekumbatia mtungi wa kuzimia moto kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, uso unaniwaka. Nimejaribu kuisahau siku hiyo, nimejaribu hata kubadilisha njia ya kwenda sokoni, haikusaidia kitu. Basi bora niisimulie mwenyewe, kwa sababu huko sokoni wanaisimulia kwa kuongeza chumvi (eti nilikimbia mpaka ziwani, uongo mtupu, ningekimbiaje na unga wote ule?).

Mimi naitwa Neema, kwetu Bukavu, na kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara ndogondogo wajiandae. Masharti yakibadilika, mimi ndiye nawaeleza mapema kabla mkaguzi hajawafikia, na nawaonyesha pia mahali ambapo kazi yao wenyewe inaweza kuwaunguza, kuwakata au kuwaangusha. Ofisi yetu ni chumba kimoja tu Kakoba, mjini Mbarara, na mwenye ofisi ni Hajati Sauda, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Mbarara hapo hapo, aliyeuza mchele na mafuta ya kupikia karibu maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenichukua nikiwa sina kazi, akanifundisha, akanituma kuhudumia wafanyabiashara wa Nakivale ninakoishi. Na mimi, badala ya kushukuru kimyakimya, nikavimba kichwa. Watu walikuwa wananiita Mwalimu wa Moto, na nilikuwa naitika!

Sasa ikatoka habari kwamba majiko yote yanayopika chakula cha kupelekwa shuleni yatakaguliwa. Jiko liwe na mlango wa pili, mkaa ukae mbali na ukuta wa mbao, mafuta ya taa yasiwekwe ndani, na uwepo mtungi wa kuzimia moto, uonekane na ufikike. Asiyepita ukaguzi hapeleki chakula. Habari hii ilimgusa zaidi mteja wangu mmoja, Mama Riziki.

Mama Riziki ni wa kwetu Kongo, ametoka Uvira, na mandazi yake kila mtu wa Base Camp, mtaa wa huku Nakivale, anayajua. Alikuwa anayakaanga kando ya barabara, kwenye vumbi na moshi, mpaka kifua kikawa kinamsumbua kila msimu wa kiangazi. Kisha shule moja ya bweni kule Ruti, Mbarara, ikakubali awapelekee mandazi ya chai ya asubuhi kuanzia siku ya kufungua muhula, ila kwanza jiko lake lipite. Mnaelewa maana yake? Kupika ndani ya jiko lake mwenyewe, kuwa na mteja wa kila siku, kuachana na ile barabara. Alilijenga jiko la matofali na kila nilichomwambia alikifanya. Nikimwambia mkaa uhame, jioni umehama. Nikimwambia toboa mlango wa pili, fundi analalamika yeye anasema toboa, mwalimu amesema.

Hajati akamtafutia mtungi, mwekundu, mpya, nami nikaupeleka mwenyewe kwa boda, nimeupakata njia nzima. Nikamwonyesha pini, nikamwonyesha kishikio na mpira wa kupulizia dawa, nikamwambia auweke karibu na mlango. Nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu.

Niliporudi siku chache baadaye alinipokea mlangoni huku anajifuta mikono, anatabasamu kwa namna ya mtu aliyekuandalia kitu.

"Mwalimu, kuya uone. Ule mutungi nimeuvalisha."

Na kweli alikuwa ameuvalisha. Ndugu zangu, nyinyi mnajua kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, makochi yana vitambaa vyake, hata ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa chenye shanga pembeni. Ukinunua kitu kizuri ukakiacha wazi kipigwe na vumbi, watu wanasema hukulelewa. Mama Riziki naye alipewa kitu kilichokuwa kipya kuliko vyote ndani ya nyumba yake, akakifanyia heshima. Aliufumia mtungi ule gauni zima la uzi mweupe, kuanzia shingoni hadi chini, limebana kabisa. Mpira ulikuwa na soksi yake peke yake. Kwenye ile pete ya pini alikuwa amepitisha utepe wa waridi na kuufunga ua kubwa. Chini alikuwa ameushona kwa uzi wa nailoni ili usivuliwe na wezi wa vitambaa (wapo, msicheke). Na mbele, kwenye kifua cha mtungi, kwa uzi wa kijani, alikuwa amefuma maneno ya Kifaransa BON APPÉTIT, yaani mle kwa raha, kwa sababu ndiyo maneno aliyokuwa na mchoro wake.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa hiyo nitasema polepole. Nilijua. Haki ya Mungu nilijua pale pale kwamba mtungi wa namna hiyo haufai, hauonekani mwekundu wala haushikiki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilimtazama yule mama alivyosimama akisubiri, vidole bado vimechubuka na sindano, nikamwonea haya. Kwetu mtu hakuonyeshi kazi ya mikono yake wewe ukaanza kumtolea kasoro. Nikasema moyoni nitamwambia siku nyingine, taratibu. Na kwa mdomo nikasema, "Mama, hapa umeshinda wote!"

Kama ningeishia hapo pengine ningesamehewa. Lakini mimi nikaongeza kwamba anifumie na mimi kimoja, cha mtungi wangu wa gesi nyumbani! Akafurahi, akapima kwa macho, akasema atanifumia cha bluu.

Siku nyingine haikufika. Nilikuja tena na tena, tukanywa chai, nikauona mtungi, na kadiri nilivyouona macho yakauzoea mpaka nikasahau kuna tatizo. Hajati akinipigia simu kuuliza kama mtungi uko mahali pake nilikuwa namjibu, "Uko, Hajati, tena umependeza." Sikudanganya, si ndiyo?

Siku ya ukaguzi ikafika. Mama Riziki alifunga turubai uani, akapanga viti, akapika pilau la wageni, akakanda beseni kubwa la unga ili akaange mandazi ya moto moto watu wakiwa wanakula. Wenye biashara wengine walikuja kuangalia ukaguzi unavyokwenda, maana zamu zao zilikuwa njiani. Hajati alifika kutoka Mbarara na buibui lake jeusi limenyooshwa, akiwa na mkaguzi, Bwana Tumusiime. Huyu bwana alikuwa mwanajeshi zamani, amestaafu, lakini mgongo bado uko gwaride na Kiswahili chake ni kile cha jeshini.

Akazunguka jiko. Akafungua mlango wa pili, akaufunga, akaufungua tena. Akatazama mkaa ulipo. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kwenye mtungi alipita bila kusimama, na baadaye nikaja kujua alidhani ni pambo tu la nyumba.

"Nyabo, jiko iko sawa," akamwambia Mama Riziki (nyabo ni mama, kwa lugha ya huku). "Mimi naona mtungi, nasaini, nakwenda."

Mnaona? Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Angeuona mtungi, angesema uvueni nguo, tungekata kile kitambaa tukiwa tumetulia, angesaini. Lakini mimi nilikuwa na hadhira. Niliona viti vimejaa, nikaona Hajati amekaa mbele, nikaona mimi ni Mwalimu wa Moto.

"Afande," nikasema (wala hakuwa afande wangu), "kuona tu haitoshi. Tuwaonyeshe kwa moto wa kweli."

"Hapana haja, nyabo."

"Dakika moja tu, afande!"

Hajati alinitupia jicho. Nililiona, nikajifanya sijaliona. Nilikuwa nimeshajiandalia karai la mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, likiwa juu ya mkaa uliokolea, pembeni ya uwanja. Mafuta yakaanza kutoa moshi, mimi nikawa natoa hotuba. Nikawaambia moto wa mafuta una tabia zake. Nikawaambia, na sauti yangu ilikuwa kubwa, "Kitu cha kwanza, msimwagie maji! Hata mkichanganyikiwa vipi, maji hapana!" Watu wakaitikia, maji hapana. Mafuta yakashika moto, puuu, watu wakarudisha viti nyuma, nikacheka kwa madaha, nikaingia jikoni kuchukua mtungi.

Nikatoka nao. Mtu mmoja kule nyuma akauliza, "Mwalimu, hiyo ni zawadi ya nani?" na watu wakacheka, na hata hapo sikushtuka, nikadhani wanafurahia. Nikashika pini nivute. Pini haikutoka, ule utepe ulikuwa umefungwa fundo juu ya fundo. Nikashika kishikio, vidole vikazama kwenye uzi. Nikajaribu kuvuta gauni lipande juu, limebana. Lishuke chini, limeshonwa. Nikautafuta mpira, nikapata soksi. Moto nao haukuwa unanisubiri. Upepo wa ziwani ukapita, ndimi zikainama kuelekea kwenye turubai.

"Toa pini!" akasema mkaguzi.

"Natoa, afande!"

"Toa!"

"Natoa!"

Nikaingiza meno. Mbele za watu wote wale, mwalimu mzima, nikaanza kutafuna utepe wa waridi. Nikasikia ukingo wa turubai unaanza kunuka, nikasikia mtu anapiga kelele "Banange!", na hapo akili ikaniruka kabisa. Mtungi ukiwa kwapani, nikanyakua lile jagi la kunawia wageni mikono lililokuwa mbele ya Hajati, nikamwaga maji kwenye mafuta.

Mimi! Niliyewaitikisha watu maji hapana, hata mate ya hotuba hayajakauka!

Moto ulipanda kama umeitwa. Ulipita karibu na kipaji cha uso wangu, wigi langu likasinyaa mbele kwa harufu ambayo mpaka leo naikumbuka, nikaruka kinyumenyume, nikajikwaa kwenye benchi, nikakaa. Nilipokaa palikuwa laini. Ilikuwa ndani ya beseni la unga wa mandazi uliokuwa umeumuka vizuri sana, ukanipokea mpaka kiunoni.

Mama Riziki hakupiga kelele. Alikuja na mfuniko wa sufuria kubwa, akauteleza juu ya karai kutoka upande wake, polepole, uso ameugeuza pembeni, kama nilivyomfundisha. Akausukuma mkaa kando kwa koleo. Moto ukafa. Hajati akamwagia ukingo wa turubai ndoo ya mchanga, mambo yakaisha. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na mngedhani na aibu yangu ingeishia hapo.

Lakini mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye unga, bado navutana na pini. Nadhani mikono ilikuwa haijapata habari kwamba moto umezimika. Na sasa ndipo utepe ukakatika! Pini ikaruka, kishikio kikabonyea, na ule unga mweupe wa dawa, kwa kuwa mpira ulikuwa na soksi, ukatokea kwenye kila tundu la kile kitambaa, pande zote kwa pamoja. Ulimfikia mkaguzi usoni. Ulifika kwenye buibui la Hajati, likawa la kijivu. Ulifika kwenye pilau, sahani baada ya sahani. Nikajaribu kuuzuia kwa kuukumbatia, ukanitokea kwenye shingo. Ulipokwisha watu walikuwa wanakohoa, na mimi nimekaa katikati ya beseni na yale maneno ya kijani kifuani kwangu, BON APPÉTIT.

Bwana Tumusiime alijifuta macho kwa leso. Akaniangalia. Akamwangalia Mama Riziki.

"Mama, wewe nazima moto vizuri. Jiko yako nzuri," akasema, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Lakini mtungi navaa gauni. Tena sasa iko tupu. Mimi hapana weza saini."

"Afande, kosa ni langu," nikasema kutoka kwenye beseni.

"Najua, nyabo. Mimi natazama tangu mwanzo."

Mama Riziki akamuuliza atarudi lini. Akasema ana majiko mengine ya kuzunguka, wilaya yote ya Isingiro, atarudi akimaliza. Mama Riziki akasema shule inafungua Jumatatu. Mkaguzi akatazama viatu vyake vilivyojaa dawa. Hakuna aliyecheka tena. Nilitamani wacheke.

Wanawake wawili walinivuta mikono kunitoa kwenye unga. Hajati alikung'uta buibui, akaniambia nipande gari twende ofisini. "Kaa nyuma," akasema, "na uvae gunia, unga usiguse kiti." Tukapita Masha, tukafika Mbarara. Nilikaa na gunia langu nikitazama ng'ombe njia nzima, nao wakinitazama.

Jumatatu mandazi ya shule yalipelekwa na mpishi mwingine wa hapo hapo Ruti.

Mimi nilijificha. Nilimtumia Mama Riziki salamu kwa watu, nikasema nina homa. Na niwaambie ukweli mbaya zaidi, kule nilikojificha nilikuwa natunga maneno ya kujitetea. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba ni yeye aliyeushona, kwamba mimi sikumwambia aushone, kwamba kila mtu mzima anajua mtungi wa moto si redio. Nilikuwa nayo yote kichwani, imepangika.

Siku nilipotoka nilimkuta barabarani, mahali pake pale pale pa zamani, kwenye vumbi, anakaanga na kukohoa. Akaniona. Akanisogezea kigoda, akanipa andazi moja kwenye karatasi.

"Mwalimu, umekonda. Kaa."

Yale maneno yangu yote yakapotea. Nikasema, "Mama, nisamehe," nikaanza kulia na andazi mkononi, na wateja wanaangalia.

Aligeuza mandazi kwenye mafuta kwanza. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Mi nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Kisha kukishona, nilijaribu kufungua, kikakatala. Nikasema, aah, mwalimu akikuya atanigombeza, tutakikata. Nikaweka makasi pale ku dirisha, fasi ya karibu. Nikakungojea na makasi." Akatoa mandazi, akayaweka kwenye sinia. "Ukakuya, ukacheka, ukasema nimeshinda bote. Nikarudisha makasi. Nikasema, basi batu ba moto banapenda vile."

Nimetukanwa katika kazi hii, nimefukuzwa dukani na fundi wa kuchomelea vyuma aliyenirushia glavu, lakini hakuna neno lililoniingia kama hilo. Yule mama alikuwa tayari kuambiwa. Alikuwa ameshaandaa hata kifaa cha kuambiwa nacho. Mimi nilidhani namhurumia kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe, sikutaka kuwa mtu mbaya jikoni mwake kwa dakika moja, na hiyo dakika moja ikamrudisha barabarani.

Tulijaza mtungi upya, safari hii bila gauni, na mkaguzi alirudi baadaye, akasaini. Cheti kipo, kimetundikwa jikoni. Lakini shule ya Ruti imeshamzoea yule mpishi wao, na Mama Riziki anaendelea kutafuta mteja mwingine, nami natafuta naye kila wiki, mlango kwa mlango, na hatujampata bado. Kifua bado kinamsumbua. Hilo ndilo linalonichoma, si wigi wala beseni.

Kwa hiyo nimejiapia. Siku hizi nikiingia kwenye biashara ya mtu, sikai, sinywi chai, sisifu pazia wala kapeti, mpaka niwe nimesema kwanza lile lililo baya. Wengine wananuna. Mwingine juzi aliniambia sina adabu, mgeni gani anaingia na lawama, nikamwambia pole mama, lakini huo waya wa pasi umechunika. Wanune tu. Sitaki tena mtu anisubiri na makasi yake, anione natabasamu, ayarudishe.